Nilivyowapeleka Maalim Nassor na Bi Asumini Ujiji

Asubuhi ya kwanza baada ya kustaafu niliamka alfajiri kama kawaida, najiuliza ni abiria gani sijampigia kumkumbusha abebe dawa zake. Nilikaa kitandani kwa muda kabla ya kukumbuka kwamba hakuna safari. Funguo nimerudisha, kitambulisho nimerudisha, na hakuna mtu yeyote kati ya Tabora na Ziwa Tanganyika ambaye akianguka nitaulizwa mimi. Mume wangu akaniambia nilale tena. Sikuweza. Nikaenda jikoni, nikabandika chai, nikaanza kuandika haya kwa ajili yenu mliobaki na kazi ya kuwatembeza watu kwenye njia ya zamani ya misafara. Mmeniuliza mara nyingi niliwezaje kudumu nayo, na kila mara nimewajibu kwa utani.

Jibu la kweli ni kwamba nilidumu nayo huku nikiogopa. Sijawahi kutoka Tabora na gari lenye watu nikiwa nimetulia. Wenzangu wengine walisinzia kabla hatujafika Urambo. Mimi nilikaa wima nikisikiliza injini, kikohozi cha mtu wa nyuma, na ukimya wa yule ambaye jana alikuwa msemaji.

Nilizaliwa Chemchem, mtaa wa Tabora mjini, baba yangu akiwa fundi cherehani. Watu walioleta vitambaa walileta na habari, na mimi nilikuwa mtoto wa kukaa chini ya meza na kusikiliza. Nilipomaliza kidato cha nne, mfanyabiashara mmoja wa mjini alikuwa ameanza kupokea wageni waliotaka kuona nyumba za kale za Kwihara na kufuata njia ya misafara mpaka Ujiji. Alikuwa na madereva. Hakuwa na mtu wa kueleza. Akanichukua mimi, kwa kuwa Kiingereza changu kilikuwa kinatembea, ingawa kwa kuchechemea.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa wageni wawili na Mzee Mihayo. Mihayo alikuwa Mnyamwezi wa Urambo, mrefu, mkavu, aliyekuwa akiendesha malori ya tumbaku kabla ya kuendesha watu. Tumbaku, alipenda kusema, haiombi kushuka kujisaidia. Aliniona nimesimama pembeni ya gari, nimeshika mlango bila kuufungua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unaogopa?"

"Naogopa sana."

"Vizuri. Asiyeogopa asipande gari langu."

Kisha akanipa somo ambalo hata leo sina la kuliongezea. Kabla hujafungua mdomo kueleza historia, alisema, mwendee kila abiria peke yake, pembeni, umuulize anaumwa nini, ana dawa gani, amekula nini, na likitokea la kutokea tumpigie nani. Usiulize mbele ya wenzake. Mbele ya watu kila mtu ni mzima. Akanionyesha vitu vyake nyuma ya gari: sepetu, kamba nene, mbao mbili za kuwekea tairi kwenye matope, madumu ya maji, na mfuko wa turubai wenye bandeji, chumvi na chupa ya asali ya msitu. Kila kitu kilikuwa na mahali pake. Ukichukua kamba ukairudisha upande wa kushoto, alikuwa hasemi neno, anaihamishia kulia huku anakutazama.

Siku hiyo pale Kwihara nilieleza habari zote nilizojua za wafanyabiashara, wapagazi na pembe za ndovu. Wageni wakasikiliza kwa heshima, halafu wakauliza choo kiko wapi. Ndivyo nilivyoanza.

Miaka ya mwanzo hatukwenda Ujiji tu. Tulikwenda pia kaskazini, kupitia Nzega na Igunga, mpaka Ziwa Victoria, kwa wale waliotaka kuona maisha ya wafugaji. Masika moja, upande wa Choma, gari lilizama kwenye udongo mweusi mpaka milango ikagoma kufunguka. Ndani nilikuwa na mama mmoja mgeni mwenye pumu. Mimi na Mihayo tulitokea dirishani, yeye akachimba, akaweka mbao, mbao nazo zikazama. Nilikwenda kwenye boma la karibu kuomba msaada, nikimwacha yule mama anapumua kwa filimbi, na njia nzima nikawa nasikia pumzi yake masikioni mwangu. Mwenye boma, mama mnene mwenye kicheko, akatoa ng'ombe wake wa jembe, wakatuvuta. Tulipokaa kunywa maziwa, yule mgeni mwenye pumu alikuwa anapiga picha ndama, ametulia kabisa, na mimi ndiye niliyekuwa nimeegemea ukuta, jasho linanitoka. Mwenye boma akamuuliza Mihayo kwa Kisukuma, na Mihayo akanitafsiria kwa furaha kubwa: "Anauliza, huyu mgonjwa wenu mnampeleka hospitali gani?"

Nawasimulia hayo mjue kwamba woga wangu ulikuwa na historia. Lakini safari ninayotaka kuiandika hasa ni moja, na kilichonitisha siku ile hakikuwa barabara.

Ilikuja wakati bosi alipoona kwamba wageni wa ng'ambo wamepungua, akasema sasa watu wa hapa hapa nao watembee. Akatangaza safari ya Ujiji kwa wakazi wa Tabora. Wakajiandikisha walimu watatu wa sekondari, na wazee wawili: Maalim Nassor na Bi Asumini. Nilipoambiwa majina hayo mawili nilikwenda moja kwa moja kwa Mihayo, aliyekuwa chini ya gari anakaza nati.

"Mzee, hawa wawili gari moja?"

"Gari lina viti vya kutosha."

"Sisemi viti."

"Najua unachosema," akajibu kutoka chini. "Nipe spana ndogo."

Wasio wa Tabora niwaeleze. Maalim Nassor alikuwa mwalimu wa Kurani na muuza vitambaa, mzee mpole mwenye kofia safi, ambaye baba yangu alinunua kwake nyuzi maisha yake yote. Babu yake alikuwa mwenye misafara. Bi Asumini alikuwa mjane wa Chemchem aliyelea watoto wake kwa kupika vitumbua, na ukoo wake ni wa Wamanyema, watu ambao asili yao ni ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Bibi yake mzaa mama aliletwa Tabora akiwa mtoto, na msafara, na akaishi katika nyumba ya babu yake Maalim. Hakuletwa kwa hiari yake.

Mji mzima ulijua. Mji mzima haukusema. Tabora ni mji wa adabu. Tunazikana, tunaozana, tunakaa mkeka mmoja kwenye maulidi, na yaliyopita tunayapitia pembeni kama shimo la barabarani. Mimi kazi yangu ilikuwa kusimamisha gari kwenye lile shimo na kueleza lilivyochimbwa. Kwa wageni nilikuwa nimezoea. Nilisema: watumwa walipita hapa wamefungwa shingo kwa shingo, na wageni wakatikisa vichwa, wakasikitika, wakapanda gari. Sasa mjukuu wa aliyefungwa na mjukuu wa aliyefunga watakaa kiti kimoja wakigawana karanga. Ningesemaje? Siku kadhaa kabla ya safari sikula vizuri. Nilikuwa naosha vyombo huku najaribu sentensi, naziacha katikati.

Juu ya hayo, Maalim alikuwa na kisukari cha kujidunga sindano. Alinieleza mwenyewe nilipomuuliza pembeni, kwa sauti ya chini. Binti yake Rukia, aliyekuja kumsindikiza, alinishika mkono nje ya gari akaubana.

"Dada Zuhura, sina mwingine. Nirudishie baba yangu."

"Inshallah," nikasema.

Barabara wakati ule ilikuwa bado ya vumbi sehemu kubwa, na mvua ilikuwa imeanza. Baada ya Kaliua mbung'o wakaingia madirishani, walimu wakawa wanajipiga mashavu kama watu waliorukwa na akili. Karibu na Mto Malagarasi maji yalikuwa yamefunika barabara. Mihayo alishuka, akakunja suruali, akatangulia kwa miguu huku akipima kina kwa fimbo, na mimi nikabaki na abiria nikitabasamu kwa nguvu zote. Maji yalimfika magotini. Akarudi, akawasha, akavuka kwa gia ndogo bila kusimama. Katikati, gari liliteleza kidogo upande, na nikamsikia Maalim anasoma dua na Bi Asumini anaitikia. Tulipotoka upande wa pili wote wakacheka isipokuwa mimi.

Kila tuliposimama nilieleza. Nilisema misafara ilipumzika hapa. Nilisema mizigo ilitua hapa, biashara ilikuwa kubwa, chumvi ya Uvinza ilikwenda mbali. Nilijisikia nikisema, na nilijua ninachokiruka, na nilijua walimu nao wanajua. Nilidhani nimefaulu.

Pale Uvinza, wengine walipokuwa wanaangalia mabwawa ya chumvi, Bi Asumini akaniita kando. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye macho ya kukutazama mpaka umalize kusema uongo.

"Zuhura, mwanangu, tangu asubuhi unasema mizigo. Mizigo ilijibeba?"

"Bibi, walikuwepo wapagazi, wale Wanyamwezi waliokuwa wakilipwa…"

"Hao nawajua. Nakuuliza wengine."

Nikageukia mabwawa ya chumvi.

"Unaona haya kwa niaba yangu," akasema. "Sikukutuma. Sikupanda gari nikaliwa na mbung'o kuja kutazama chumvi. Nimekuja kumtafuta huyo huyo unayemruka."

Ndipo akaniambia. Bibi yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya. Mama yake hakupenda kuulizwa. Alisema tu kwamba bibi alitoka ng'ambo, na kwamba aliitwa Faida. "Faida," akarudia Bi Asumini, kama mtu anayetema punje ya mchanga. "Hilo ni jina la dukani. Mtoto alizaliwa na mama yake, mama hakumwita Faida. Faida waliipata wao. Mimi naomba Mungu amrehemu bibi yangu, na sijui namwombea nani."

Nikamuuliza kama amewahi kumuuliza Maalim.

"Ningemuulizaje? Tunasalimiana kila siku. Ukimuuliza mtu kitu kama hicho, kesho mnasalimianaje?"

Kuanzia pale mpaka Ujiji nilieleza yote. Nilisema watoto, nilisema minyororo, nilisema waliotupwa njiani. Sikuthubutu kutazama kioo cha mbele kumwona Maalim. Mihayo aliendesha polepole kuliko kawaida yake. Hakuna aliyeniambia ninyamaze, na hakuna aliyekula karanga.

Ujiji tulilala nyumba ya wageni. Asubuhi, walimu walitaka kwenda kwenye jumba la kumbukumbu na Mihayo. Maalim akasema yeye angependa kuingia majini. Nyumba ya babu yake ya Ujiji ilikuwa ufukweni zamani. Siku hizi ziwa limerudi nyuma na pwani ya zamani imekuwa mashamba na nyumba za watu. Alitaka kuiona Ujiji jinsi ilivyoonekana kwa anayekuja kutoka ng'ambo. Bi Asumini, aliyekuwa anafunga kanga yake, akasema bila kugeuka, "Na mimi nakwenda. Wangu ndiye aliyekuja hivyo."

Nilitafuta sababu ya kukataa, sikuipata. Ziwa lilikuwa limelala kama mafuta. Nikakodi boti ya mbao ya mtu aitwaye Hamisi, nahodha wa makamo anayesifika kwa uangalifu, nikachukua mfuko wa turubai wa Mihayo, nikawavalisha wazee maboya, nikazikagua kamba zake moja moja. Maalim akacheka: "Unatufunga kama mizigo." Kisha akasikia alichosema.

Tulikwenda mbali kiasi cha kuona milima ya Kongo imekaa bluu upande wa magharibi, na Ujiji imekuwa mstari wa mabati na miti. Hamisi akazima mashine ili tutazame. Wazee walikaa kila mmoja upande wake. Bi Asumini alitazama milima. Maalim alitazama mji.

Upepo ukaja kutoka kusini. Kwanza ulikuwa wa kupoza jasho tu. Hamisi akaitazama anga, akasema turudi, akavuta kamba ya mashine. Haikuwaka. Akavuta tena, na tena. Mawimbi yakaanza kuinua boti na kuishusha, na ule mstari wa mabati ukawa unapotea na kurudi. Akafungua kifuniko akainama, na mimi nikaona mikono yake inafanya haraka kuliko uso wake ulivyotaka tuamini.

"Mafuta hayapandi," akasema. "Mtulie tu."

Nilikuwa nimemgeukia yeye. Bi Asumini ndiye aliyeniita. "Zuhura. Mtazame Maalim."

Kanzu yake ilikuwa imelowa, na si kwa maji ya ziwa. Jasho lilikuwa linamtiririka usoni na midomo inatetemeka. Nikamshika mkono, baridi.

"Maalim, asubuhi umejidunga?"

"Nimejidunga."

"Umekula?"

Akanitazama kama ananitafuta kutoka mbali. "Chai ilikuwa na sukari," akasema. "Nikaiacha. Kwa sababu ya kisukari."

Nimewaambia kwamba nilikuwa naogopa maisha yangu yote. Dakika ile nilielewa woga wote wa nyuma ulikuwa mazoezi. Sindano bila chakula ilikuwa imemshusha sukari. Nikafungua mfuko wa turubai, nikatoa chupa ya asali, kifuniko kimegandamana, hakifunguki. Boti inapanda, inashuka. Nikakishika kwa upindo wa kanga nikakinyonga kwa nguvu, kikaachia. Bi Asumini alikuwa tayari ameshuka kwenye ubao wake, amekaa chini kwenye maji ya boti, amekipakata kichwa cha Maalim. Nikachovya kidole, nikampaka asali ndani ya shavu, kidogo kidogo, nikimwambia ameze. Alikuwa bado anameza. Nikaendelea.

Maalim akamshika Bi Asumini kanga, akamtazama usoni, akasema kwa sauti nyembamba, sauti ya mtoto: "Bibi Faida, usiniache."

Hamisi aliendelea kuvuta kamba. Nilidhani Bi Asumini atakiachia kile kichwa. Sijui ningefanya nini angekiachia. Alikishika, lakini uso wake ulikuwa umefungwa kama mlango.

"Mpe tena asali," akaniambia.

Mashine ikawaka kwa kukohoa, ikazima, ikawaka. Hamisi akaielekeza boti pwani huku akiyakata mawimbi kwa mshazari. Tulipokaribia ufuko, Maalim alikuwa ameanza kupumua sawasawa na kuuliza kofia yake iko wapi. Ilikuwa imechukuliwa na maji.

Tukamkalisha mchangani, nyuma ya mitumbwi iliyopinduliwa, mahali pasipo upepo. Mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa akatuletea uji na mkate, Maalim akala mbele yangu mpaka akamaliza. Nilitaka kumpeleka hospitali papo hapo. Nilimpigia Mihayo alete gari. Tulipokuwa tunasubiri, Bi Asumini, aliyekuwa amesimama anakamua kanga yake, akasema:

"Umeniita Faida."

Maalim akainamisha kichwa. Bila kofia alionekana mdogo. "Nimekuita hivyo?"

"Umeniita. Ulimjua?"

"Alinilea," akasema. "Alinibeba mgongoni. Alifariki mimi nikiwa mtoto wa chuo cha Kurani. Nilimlilia kuliko nilivyomlilia bibi yangu mzazi, nikapigwa kwa hilo."

"Na hukuniambia."

"Sikukuambia."

Bi Asumini akakaa mchangani, mbali naye kidogo. Nilitaka kusema kitu cha kuwatuliza, neno la kazi, neno lolote. Nikamkumbuka yeye pale Uvinza, nikafunga mdomo.

Maalim akasema, akitazama mikono yake: "Hakuwa anaitwa Faida. Aliniambia. Tukiwa peke yetu uani alikuwa ananiambia, mimi jina langu ni Wabiwa. Ananifundisha kulitamka. Halafu ananiambia nisimwambie mtu."

"Alikwambia wewe?" Sauti ya Bi Asumini ilipanda, na yule mama wa dagaa akageuka. "Sisi hakutuambia, damu yake, akakwambia wewe? Mtoto wa nyumba ile?"

"Nadhani alitaka kulisikia likisemwa na mtu. Mimi nilikuwa mtoto. Mtoto hajui anachoshika."

"Baadaye ukajua. Umekuwa mtu mzima, umekuwa na mvi. Tunapitana kila siku. Kwa nini?"

Maalim akajipapasa kichwani, pasipo na kofia.

"Kwa sababu ningelitaja ningelazimika kueleza kwa nini alikuwa na majina mawili," akasema. "Na mimi ni mwalimu, Bi Asumini. Watu wananiletea watoto wao niwafundishe kusema kweli."

Bi Asumini alilia basi, na si kilio cha msamaha, msinielewe vibaya. Alilia kwa hasira, akipiga mchanga kwa kiganja. Alipomaliza akajifuta kwa ile kanga mbichi akasema, "Litaje tena."

"Wabiwa."

"Tena."

"Wabiwa."

"Sasa tukirudi, utakuja kwangu Chemchem. Utalisema mbele ya wanangu na wajukuu zangu, na utaeleza kwa nini yalikuwa mawili. Si mimi. Wewe."

Honi ya Mihayo ikalia barabarani. Maalim hakuwa amejibu.

Hospitalini walimpima, wakamwangalia kwa saa kadhaa, wakamruhusu kurudi. Safari ya kurudi nililala kwa vipande na kila nilipozinduka nilimtazama kama anapumua. Lakini kuna woga mwingine ulikuwa umepanda gari. Alikuwa hajajibu. Walimu, waliokuwa hawajui lolote, walikuwa wanabishana kuhusu reli. Bi Asumini alitazama nje njia nzima. Nilimkabidhi Maalim kwa Rukia, nikamweleza kuhusu sukari, na sikumweleza kuhusu lile lingine. Halikuwa langu.

Wiki ikapita. Ijumaa ikapita. Nilikuwa napita makusudi mbele ya duka la vitambaa, namwona amekaa ndani, tunasalimiana. Kwa Bi Asumini nilikuwa nanunua vitumbua nisivyovihitaji, na yeye hakutaja kitu. Nilianza kuamini kwamba mji umeshinda, kama kawaida yake.

Kisha jioni moja Rukia akanijia nyumbani. Baba yake anataka kusoma hitma, kisomo cha kumwombea marehemu, nyumbani kwa Bi Asumini, akasema, na anataka mimi niwepo. Rukia alikuwa na macho mekundu. Alikuwa ameshaambiwa.

Ua wa Bi Asumini ulijaa. Wanawe walikuwepo, wajukuu walikuwepo, na majirani waliodhani ni hitma ya kawaida. Mwanawe mkubwa, Feruzi, alikuwa ameambiwa na mama yake, na alikuwa amekaa mlangoni, mgongo nusu umegeuka, hakutaka kumpa Maalim mkono. Mihayo na mimi tulikaa nyuma. Maalim akakaa katikati ya mkeka. Alieleza. Hakupamba na hakujitetea. Alisema babu yake alimnunua mtoto Ujiji, akamleta Tabora kwa miguu, akamwita Faida. Majirani waliinamisha macho, kama watu waliokamatwa wakichungulia. Nilimwona Rukia anashika mkono wake mwenyewe.

Kisha Maalim akainua viganja kuanza dua. Akaomba rehema kwa jumla, kama inavyoanzwa, na alipofika mahali pa kumtaja marehemu akasita. Nilishikilia kanga ya magotini mwangu mpaka vidole vikauma. Nilijua kwamba akishindwa pale hatajaribu tena, na kwamba Feruzi atatoka, na kwamba Bi Asumini hatamwuliza tena mtu yeyote kitu chochote.

"Mja wako Wabiwa," akasema Maalim. "Mzazi wa nyumba hii."

Ua wote ukaitikia amina. Nilimtazama Feruzi. Alikuwa bado amegeuka, lakini viganja vyake vilikuwa wazi.

Baada ya hapo nimefanya safari nyingi nyingine. Lami imefika, Malagarasi ina daraja la maana, na simu zinawaambia abiria mambo ambayo mimi nilikuwa nawaeleza, wakati mwingine vizuri kuliko mimi. Mzee Mihayo alifariki nyumbani kwake Urambo. Maalim naye ametangulia. Kwenye mazishi yake Feruzi alikuwa mmoja wa walioshika jeneza. Kazini, tangu siku ile, sikuruka tena kitu. Niliogopa kila mara, na nikasema.

Juzi nilikwenda kumuaga Bi Asumini, maana yeye ndiye abiria wangu niliyemfikiria zaidi miaka yote hii. Macho yake yamefifia, lakini bado yanakusubiri umalize. Nikamwambia nimestaafu. Akasema nimenenepa. Tukanywa chai, na nilipoona ametulia nikamuuliza jambo nililoogopa kumuuliza muda wote huo: baada ya yote yale, Maalim kuja, watu kusikia, moyo wake uliridhika?

Akakiweka kikombe chini.

"Hapana," akasema. "Ila sasa nikimlilia, najua namlilia nani."